Kutoka Uwanja wa Mpira Hata Ofisi ya Sheria

Maisha ya William Henry Lewis, na jinsi yanavyotuhusu sisi wa Thika na Ruiru

Msafiri apitaye jioni ya Jumamosi katika barabara itokayo Ruiru kwenda Thika huona vijana wengi viwanjani wakicheza kandanda. Baadhi yao huvaa viatu vya mpira na wengine hucheza pekupeku, lakini wote hucheza kwa moyo mmoja mpaka jua litue. Pembeni ya uwanja hukosi kumwona mzazi aliyesimama akitazama, mikono nyuma, akijiuliza moyoni: Mpira huu utampeleka wapi mtoto wangu?

Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni mengi. Kuna wazazi wasemao kwamba mpira ni adui wa kitabu, nao humchapa mtoto akirudi nyumbani na vumbi miguuni. Kuna vijana nao wasemao kwamba mtu mwenye miguu myepesi hana haja ya kujisumbua na hesabu. Leo, ndugu wasomaji, twapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yawajibu wote wawili, mzazi na kijana. Mtu huyo alikuwa Mmarekani Mweusi, jina lake William Henry Lewis. Alizaliwa mbali sana na kwetu, lakini kiongozi aliyemwingiza katika kazi ya serikali alipata kulala Juja, hapa katikati ya Ruiru na Thika. Kwa hiyo si vibaya tukianzia hapa nyumbani.

MGENI WA JUJA

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1909 meli ilitia nanga Mombasa ikiwa na mgeni mashuhuri. Huyo ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1901, na ambaye alikuwa ametoka katika cheo hicho mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Alikuja na mwanawe Kermit ili kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya nyumba kubwa ya makumbusho ya nchi yake. Alipanda gari la moshi mpaka nyanda za Kapiti, akawinda Ukambani, na katika mwezi wa Mei akafika Juja kwa Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, aliyekuwa na shamba kubwa sana katika sehemu hizi. Siku hizo reli ilikuwa haijafika Thika. Ilifika mwaka 1913. Wageni walikuja kwa farasi, na mizigo yao ikachukuliwa vichwani na wapagazi.

Roosevelt aliandika habari za Juja katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1910, na wazee wa huku hawakuacha kumtaja McMillan, maana kaburi lake liko juu ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, unaoonekana kutoka Thika siku isiyo na mawingu. Lakini jambo ambalo si wengi walijualo ni kwamba miaka sita kabla ya safari hiyo, Roosevelt alikuwa amefanya tendo lililowashangaza watu wengi wa nchi yake. Alimchagua mwana wa watu waliokuwa watumwa awe mwendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani katika mji wa Boston. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyepata kupewa kazi ya namna hiyo. Naye jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana kwa sababu nyingine kabisa: alikuwa mmoja wa wacheza mpira hodari kuliko wote katika vyuo vikuu vya Marekani.

MWANA WA WALIOKUWA WATUMWA

William Henry Lewis alizaliwa tarehe 28 Novemba 1868 huko Berkley, katika jimbo la Virginia. Utumwa ulikuwa umefutwa Marekani mwaka 1865, yaani miaka mitatu tu kabla ya kuzaliwa kwake. Baba yake na mama yake wote wawili walikuwa wameonja utumwa. Baada ya kupata uhuru baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Kibaptisti, nao wazazi hao waliweka shabaha moja mbele yao: mtoto wao asome.

Kijana Lewis aliingia katika chuo kilichojengwa na jimbo la Virginia kwa ajili ya watu weusi. Mkuu wa chuo hicho alikuwa John Mercer Langston, mwanasheria mweusi mwenye sifa kubwa. Langston aliona kwamba kijana huyu ana akili na ana bidii, akamsaidia kwenda kaskazini katika chuo cha Amherst, jimbo la Massachusetts. Lewis aliingia huko mwaka 1888 pamoja na rafiki yake William Jackson, ambaye naye alikuwa kijana mweusi kutoka chuo kile kile cha Virginia.

Huko Amherst vijana hao wawili walijiunga na timu ya mpira, na haukupita muda mrefu wakawa nguzo zake. Katika mwaka wake wa mwisho wachezaji wenzake, ambao karibu wote walikuwa Wazungu, walimchagua Lewis kuwa kapteni wao. Wala hakusifiwa kwa mpira peke yake. Alishinda tuzo za ufasaha wa kusema mbele ya watu, na siku ya kumaliza masomo mwaka 1892 yeye ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya darasa lake. Mtu aliyeweza kuwaongoza wenzake uwanjani aliweza pia kusimama jukwaani na kuwasemea.

MPIRA WA NAMNA NYINGINE

Ni lazima tueleze hapa kwamba mpira wa vyuo vya Marekani si kandanda kama tunayoijua sisi. Ni ndugu wa raga. Mpira wenyewe una umbo la yai, nao hushikwa mikononi. Timu ina watu kumi na mmoja, na kazi yao ni kuupenyeza mpira mpaka mwisho wa uwanja wa wapinzani huku wapinzani wakiwakamata na kuwaangusha chini. Siku za Lewis mchezo huo ulikuwa mkali mno. Wachezaji wengi hawakuvaa kofia ngumu, na mtindo uliopendwa ulikuwa wa kundi zima kushikamana na kuwavamia wapinzani kama kundi la nyati. Mtindo mmoja wa namna hiyo, uliofanana na kabari, ulianzishwa na chuo kikuu cha Harvard mwaka 1892, na kwa sababu ya kuumiza watu haukukaa ila muda mfupi ukapigwa marufuku.

Katika Harvard hiyo ndimo alimoingia Lewis baada ya Amherst ili asome sheria. Sharti za siku hizo zilimruhusu kuendelea kucheza, naye akapewa nafasi ya katikati ya mstari wa mbele. Mtu wa nafasi hiyo ndiye aanzishaye mchezo kwa kuurudisha mpira nyuma kwa wenzake, na mara tu autoapo hugongana na adui aliye mbele yake. Kwa kawaida hutakiwa mtu wa kilo nyingi. Lewis alikuwa na kilo themanini hivi, ambazo ni chache kwa kazi hiyo; lakini aliwashinda watu wazito kuliko yeye kwa wepesi na kwa kufikiri. Alijifunza mahali mpinzani anapoweka miguu yake, akajua saa ya kumsukuma na saa ya kumpisha apite na kuanguka mwenyewe.

Kila mwaka huko Marekani huchaguliwa wachezaji bora wa nchi nzima, mmoja kwa kila nafasi. Mwaka 1892 Lewis alichaguliwa, na mwaka 1893 akachaguliwa tena. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyepata heshima hiyo. Katika mchezo wake wa mwisho, mwezi wa Novemba 1893, kapteni wa Harvard hakuweza kucheza, na wenzake wakamchagua Lewis ashike nafasi yake siku hiyo.

MLANGO WA KINYOZI

Msomaji asidhani kwamba kwa kusifiwa uwanjani mambo yote ya Lewis yalikuwa mepesi. Siku moja alipokuwa mwanafunzi wa Harvard aliingia katika duka la kinyozi karibu na chuo, akakataliwa kunyolewa kwa sababu ya rangi yake. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Maelfu ya watu walikuwa wakimpigia makofi siku ya mchezo, lakini mtu mwenye wembe alimwambia atoke.

Hapo kijana mwingine angalirusha ngumi, na mwili wa kufanya hivyo alikuwa nao. Lewis alifanya kama afanyavyo mwanasheria. Alikwenda kwa watu waijuao sheria, wakatazama maandishi ya sheria ya Massachusetts iliyokataza ubaguzi, wakaona imetaja baadhi ya mahali pa umma lakini haikuwataja vinyozi. Shauri likapelekwa mbele ya baraza la kutunga sheria la jimbo, na mwaka 1893 sheria hiyo ilipanuliwa ikawaingiza na vinyozi. Hivyo mlango aliofungiwa mtu mmoja ulifunguliwa kwa watu wote wa jimbo lile.

Sisi wa Kenya tunaijua milango ya namna hiyo. Mjane wa McMillan wa Juja alijenga maktaba nzuri ya mawe Nairobi kwa ukumbusho wa mumewe, nayo ilifunguliwa mwaka 1931. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, na Mwafrika aliyetaka kusoma kitabu aliishia kuzitazama nguzo zake kutoka barabarani. Leo mtoto wa Thika au Ruiru aweza kuingia humo, akakaa, akasoma. Milango hiyo haikufunguka yenyewe, hapa wala Marekani. Ilifunguliwa na watu waliojua kudai, nao walijua kudai kwa sababu walikuwa wamesoma.

KATIKA KAZI YA SERIKALI

Lewis alimaliza masomo ya sheria mwaka 1895, akawa wakili Boston. Harvard hawakutaka kuupoteza ujuzi wake wa mpira, wakamfanya mmoja wa walimu wa timu yao, naye aliifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1895 mpaka 1906. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha kufundisha mpira wa vyuo, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza juu ya mchezo huo. Mchana alikuwa mahakamani na jioni alikuwa uwanjani, na hakuna aliyesema kwamba kazi moja iliiharibu nyingine.

Watu wa Cambridge, mji uliopo Harvard, walimchagua mwaka 1899 kuingia katika baraza la mji wao, na mwaka 1902 alikaa katika baraza la kutunga sheria la Massachusetts. Mwaka 1903 ndipo Rais Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Harvard na kuupenda sana mpira wa vyuo, alipomchagua kuwa msaidizi wa mwendesha mashtaka wa serikali kuu mjini Boston. Kazi yake ilikuwa kusimama mahakamani kwa jina la Marekani nzima.

Upendo wa Roosevelt kwa mpira ulionekana tena mwaka 1905. Mwaka ule vijana wengi waliumia na wengine walikufa viwanjani, na watu wakaanza kutaka mchezo huo ufutwe kabisa. Rais aliwaita wakuu wa mpira wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton katika nyumba yake, akawataka wausafishe. Mwaka uliofuata sharti mpya zilitungwa. Wachezaji wakaruhusiwa kuutupa mpira mbele kwa mkono, na mchezo ukaanza kuwa wa akili na mbio zaidi kuliko wa kukanyagana. Hivyo ndivyo ulivyookoka.

Baada ya Roosevelt alikuja Rais William Howard Taft, ambaye alitaka kumpandisha Lewis cheo awe mmoja wa wasaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani mjini Washington. Hapo ghasia ikazuka. Maseneta wa majimbo ya kusini, ambako utumwa ulikuwa umekaa muda mrefu, walipinga kwa nguvu zao zote. Mabishano yalikwenda mpaka mwezi wa Juni 1911, ndipo Baraza la Seneti lilipomkubali. Wakati ule hapakuwa na mtu mweusi mwingine aliyepata kufika daraja ya juu kama hiyo katika ofisi za serikali kuu ya nchi ile. Mwana wa watumwa alikaa katika meza ya sheria ya taifa ambalo miaka hamsini kabla ya hapo lilihesabu wazazi wake kuwa mali ya mtu.

BARUA YA KUMTAKA AONDOKE

Mwaka huo huo wa 1911 Lewis alikubaliwa kuwa mwanachama katika Chama cha Mawakili wa Marekani. Viongozi wengine wa chama walipotambua kwamba wamemkubali mtu mweusi, walitaka kumfuta, na mwaka 1912 halmashauri yao ilijaribu kubatilisha uanachama wake. Walisema kwamba hawakuijua rangi yake walipompokea. Wapo waliomshauri ajiuzulu kwa hiari ili amani ipatikane. Lewis alikataa. Yeye hakuingia kwa kujificha. Aliingia kwa cheti chake na kazi yake.

Mkubwa wake, Mwanasheria Mkuu George Wickersham, alisimama upande wake. Aliwaandikia wanachama wa chama barua ya kulaumu kitendo kile. Mwishowe Lewis hakutolewa, wala mawakili wenzake wawili weusi waliokuwa katika shauri hilo. Lakini ushindi haukuwa mtimilifu, maana baadaye chama kilitaka kila mwombaji aitaje rangi yake, na kwa miaka mingi mlango ukawa kama umefungwa. Twalisema jambo hili wazi kwa sababu habari za watu wakubwa mara nyingi husimuliwa kana kwamba kila vita waliyoipigana waliishinda. Si hivyo. Lewis aliitetea nafasi yake, lakini wale waliomfuata nyuma walikuta ukuta mpya umejengwa.

Mwaka 1913 Rais Woodrow Wilson alishika madaraka, na Lewis akaondoka serikalini. Alirudi Boston kwenye kazi yake ya uwakili, akaendelea nayo kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, akiwatetea watu wa kila namna, na akiendelea kusema dhidi ya ubaguzi. Alifariki dunia mjini Boston tarehe 1 Januari 1949, akiwa na umri wa miaka themanini. Mwaka 2009, miaka sitini baada ya kufa kwake, jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wacheza mpira wa vyuo vya Marekani.

NASI HUKU KWETU

Huenda msomaji akasema, hayo ni mambo ya Marekani, nasi yatufae nini? Lakini hata kwetu njia ya uwanja na njia ya kuitumikia sheria zimekutana mara nyingi. Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na mbio za kuruka viunzi na maji huko Munich mwaka 1972, alikuwa askari polisi na mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo. Na hapa Ruiru ndipo kilipo chuo cha mafunzo cha Idara ya Magereza. Idara hiyo ndiyo iliyomwajiri Catherine Ndereba mwaka 1994, alipokuwa msichana kutoka Nyeri ambaye ulimwengu haujamjua. Binti huyo alishinda mbio ndefu za Boston mara nne, akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 na mwaka 2007, na akapata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2004 na 2008. Katika miaka hiyo yote hakuacha kuwa mtumishi wa Magereza.

Watu hao si wacheza mpira, wala hawakufanya kazi ile ile ya Lewis. Lakini wote watatu wanafanana katika jambo moja: hawakuitegemea miguu peke yake. Mguu una siku zake. Hupata jeraha, huchoka, na hata ukiwa na afya, miaka huushinda. Lewis alicheza mchezo wake wa mwisho wa chuo akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi, na baada ya hapo aliishi miaka mingine hamsini na mitano. Kama asingalikuwa na kitu kingine mkononi, nani angalimjua katika miaka hiyo hamsini na mitano?

Tena mpira haukumpotezea muda, kama wadhanivyo baadhi ya wazazi. Ulimfundisha kusimama mbele ya mtu mzito kuliko yeye bila kuogopa, kushika sharti hata anapoumizwa, kuongoza watu waliokuwa hawamjui, na kushindwa leo bila kukata tamaa ya kesho. Mambo hayo ndiyo aliyoyachukua mpaka Washington, na bila shaka yalimfaa siku ile alipotakiwa ajiuzulu akakataa.

Basi mzazi wa Thika au Ruiru asimame pembeni ya uwanja bila hofu, amtazame mtoto wake akicheza, ampigie makofi akifunga bao. Na saa ya taa ikifika, amwite aketi, amwambie alete daftari yake ya shule waitazame pamoja. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kijana aliyezoea kuinama kufunga kamba za viatu vyake hatashindwa kuinama juu ya kitabu, akikuta nyumbani mtu wa kumshikia taa.